Sombe Yenye Teke

Placide Bulambo alikuwa mtu wa miaka hamsini na mbili aliyeamini kila anachoambiwa, mradi aliyemwambia amemtazama usoni. Tabia hiyo ilimfaa sana Uvira alikozaliwa, ikamfaa kiasi huko Kigoma alikokaa kambini miaka saba, lakini alipofika Texas, katika mji wa Euless ulio pua na mdomo na uwanja wa ndege, ikaanza kumletea mambo. Kwa mfano, mwezi wa sita mwaka 2006 alimwomba Shiru waoane. Shiru akamjibu kwa utani, naye Placide akaushika utani ule kama amri kumi za Mungu.

Shiru alikuwa Mkenya wa Nyahururu, muuguzi katika nyumba ya wazee mjini Bedford, mwanamke wa miaka arobaini na minne ambaye hajawahi kuolewa wala kuendesha gari kupita mwendo ulioandikwa barabarani. Walikutana kwenye ibada ya Kiswahili huko Irving, mahali ambapo Wakenya na Wakongo walikuwa wakigawana viti, nyimbo na sadaka, lakini sarufi kila mtu alikuja na yake. Yeye ndiye aliyeanza kumwita Placide "Baba Heri." Mwana wa Placide, aliyekuwa akisoma chuo Iowa, jina lake ni Heritier, na Shiru hakuona sababu ya kuusumbua ulimi kwa silabi zilizobaki. Placide, mjane wa miaka mingi, alilipenda jina hilo kiasi kwamba siku nyingine alijifanya hakusikia ili aitwe mara ya pili.

Sasa huo utani. Kwa mwaka mzima Placide alikuwa akimsifia Shiru sombe. Kwa asiyejua, sombe ni majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa. Ukienda Tanzania utaambiwa ni kisamvu. Shiru alikulia kwenye baridi ya Nyahururu, na muhogo aliujua kama kipande cha kukaanga kinachouzwa na pilipili. Kwamba mti wake una majani, na kwamba kuna watu wazima wanaoyala, hilo halikuwahi kumpitia kichwani. Siku moja baada ya ibada Wakongo walileta sombe ya barafu, ile ya kwenye paketi. Shiru akaonja, akatafuna, akaweka kijiko chini taratibu, akasema ina ladha ya majani ambayo ng'ombe ameyafikiria akayakataa. Placide aliumia. Alijitetea kwamba ile si sombe, ile ni maiti ya sombe. Na kwa kuwa moyo ulikuwa tayari juu, hapohapo, kando ya sufuria za kanisa, akamwomba amkubali awe mume wake.

"Baba Heri," Shiru alimwambia huku akicheka, "wewe nipikie hiyo sombe yenu ya ukweli, ile fresh. Nikimaliza sahani, nakupa jibu."

Mtu mwingine angecheka naye na kuuliza tena wiki ijayo. Placide aliondoka pale akiwaza atapata wapi muhogo.

Muhogo ulikuwa kwa Vital, binamu yake aliyekuwa akiishi Stafford, upande wa Houston, ambako joto halina mchezo na mihogo ilikuwa imeota nyuma ya nyumba mpaka inachungulia kwa jirani. Placide aliendesha gari saa nne kwenda na saa nne kurudi, akaleta vipande kumi na viwili vya miti, amevifunga kwa magazeti yaliyoloweshwa na kuvivisha mkanda wa usalama kwenye kiti cha mbele. Vital alimwambia achume majani tu aende zake, lakini Placide alisema mboga ya kumposea mwanamke mtu huiotesha mwenyewe. Lakini Euless si Stafford. Vital alimwonya kwamba baridi ya kule juu itaua kila kitu kabla ya mwezi wa kumi na mbili. Placide hakuwa na uwanja. Alikuwa na ghorofa ya pili, na kibaraza kinachotazama kaskazini. Alichokuwa nacho ni kile chumba cha nguo ambacho Wamarekani huweka ndani ya chumba cha kulala, kikubwa hata mtu anaweza kuingia na kiti akakaa. Placide alikuwa na suti mbili tu, na chumba kile kilikuwa kikimwonea aibu. Akazihamisha suti sebuleni, akapanga ndoo kumi na mbili za udongo, na akaapa kwamba Shiru hataambiwa neno mpaka siku ya kuwekewa sahani mbele yake.

Mimea inataka jua, na ndani ya chumba cha nguo jua haliingii. Ndipo mtu mmoja pale kazini, kwenye ghala la mizigo ya ndege, akamwelekeza duka fulani la taa na mbolea huko Arlington. Mwuzaji alikuwa mtu wa makamo aliyefunga nywele mkia, mpole sana. Akamwuliza anaotesha nini. Placide, ambaye kudanganya kulimchosha, akamweleza yote: ni mmea wa kwao, majani yake yamekaa kama vidole vya mkono, yeye hataki matunda wala mizizi, anataka majani tu, umo ndani ya kabati, na mama mmoja anayempenda hatakiwi kujua. Mwuzaji akainua mkono kumnyamazisha. Akamwambia kwamba katika duka lile kila mteja anaotesha nyanya. Placide akasema hapana, si nyanya. Yule bwana akarudia polepole, nyanya, na akakonyeza. Placide alitoka na taa yake kubwa na feni ndogo, akiwa amesadiki kwamba watu wa Texas wanapenda nyanya kupita kiasi na kwamba yule mwuzaji ana ugonjwa wa jicho.

Kwa taa ile mihogo iliota. Mwezi wa kumi ulipofika, ilikuwa imefika kifuani mwake, lakini majani yalikuwa laini na yamepauka, na Placide aliona hayana msimamo. Akarudi Arlington kuomba ushauri. Hapo mwuzaji uso ukamchangamka. Akamweleza habari za milimani, ambako jua ni kali na mmea hulazimika kujikinga, na katika kujikinga ndiko unakopata nguvu zake. Taa ile kubwa, alisema, inatoa mwanga lakini haina ule ukali. Unaongeza mirija miwili ya yuvii, ileile ambayo watu huwawashia mijusi wanaowafuga, saa mbili tatu kwa siku katika wiki za mwisho kabla ya kuvuna, basi. Placide alifikiria mijusi wa Uvira, waliokuwa wakilala ukutani kwao kuota jua bila kununuliwa taa na mtu, lakini hakutaka kumkatiza mwenye duka.

Wenye kamusi wanayaita mambo hayo mionzi ya urujuanimno, neno refu hivi kwamba ukimaliza kulitamka ngozi imeshaungua. Placide alibaki na yuvii. Kilichomkaa moyoni ni neno jingine la yule bwana, kwamba mmea ukipigwa yuvii utakuwa na "kick." Neno hilo Placide alilijua vizuri sana kutoka mpira wa miguu: ni teke. Aliuliza mara mbili kama kweli litakuwa teke. Mwuzaji akaapa, teke kabisa, mtu ataketi chini. Placide aliendesha gari kurudi Euless akitabasamu peke yake, akimwona Shiru anatia kijiko cha kwanza mdomoni na kuketi chini.

Mwuzaji alimpa pia miwani maalumu, akamwonya asiingie mle taa zikiwa zinawaka bila kuivaa, na hata akiivaa asikawie. Lakini miwani ile ilifanya majani yote yaonekane ya kahawia, na mtu aliyeotesha sombe kwa miezi minne anataka kuona kijani chake. Placide aliivaa siku ya kwanza. Siku ya pili aliivua na kuitundika kwenye ndoo. Alikuwa akitoka kazini, anaingia chumbani mle, anamwagilia, anageuza ndoo, anafuta vumbi jani kwa jani na kuimba nyimbo za Uvira, dakika arobaini hivi. Baada ya siku nne macho yalikuwa mekundu kama ya mpishi wa moto wa kuni, yanawasha, yanatoa machozi, na shavu la upande wa taa lilikuwa limekolea weusi kuliko mwenzake. Alidhani ni vumbi la ghala.

Hapa lazima niseme habari ya Ndirangu, ingawa si ya kuchekesha. Ndirangu alikuwa mdogo wake Shiru, na bangi ilimchukua akiwa kidato cha tatu. Ilianza na kicheko, ikaja na macho mekundu, ikaishia kwa kijana kuzungumza na nguzo za umeme. Shiru alimweleza Placide jambo hilo mara moja tu, ndani ya gari, nje ya kanisa, akisema kwamba bangi hataki kuiona jani wala moshi maisha yake yote. Placide alimshika mkono akamwambia amesikia. Na kweli alikuwa amesikia. Haikumjia tu kwamba lina uhusiano wowote naye, kwa sababu hajawahi kuvuta hata sigara.

Basi fikiria Shiru Jumapili ile, anamwona Baba Heri wake anaingia kanisani na macho kama nyanya. Alimkumbatia kwa salamu, akamkawiza, akinusa koti. Alimwuliza kama siku hizi anasikia njaa sana. Placide, akifurahi kwamba kuna mtu duniani anayejali tumbo lake, akamjibu sana, hasa jioni. Akamwuliza kama anajikuta anacheka bila sababu. Placide akasema tangu amjue yeye, kila siku. Yalikuwa maneno mazuri na aliyasema vizuri, lakini Shiru hakucheka. Jumapili iliyofuata alimpa kikaratasi cha kituo cha kuacha dawa za kulevya, chenye picha ya mtu aliyesimama njia panda ameshika kichwa. Placide alikitazama haraka, akadhani ni mambo ya usalama barabarani, akakiweka kwenye gari pamoja na ramani.

Kilichoharibu kila kitu ni mashine ya simu. Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja Shiru alikuwa jikoni kwa Placide anasukuma chapati, na Placide yuko bafuni anaosha macho. Simu ikalia, mashine ikapokea, na sauti ya Vital ikajaa nyumba nzima, kwa sababu Vital aliamini kwamba Houston ni mbali na lazima mtu apaze sauti.

"Ndugu Placide, ile sombe iko namna gani? Ile taa imeipatia nguvu? Ukikata, usitupe miti yake, itaota tena. Na ule mama usimuambie kitu, mpaka siku yenyewe."

Shiru alisimama na mwiko mkononi. Sombe aliijua kuwa mboga ya paketi, na mboga ya paketi haihitaji taa, wala haifichwi kina mama. Alikwenda chumbani. Chini ya mlango wa chumba cha nguo palikuwa na mstari wa mwanga wa zambarau, na ndani kitu kinavuma. Alifungua upana wa kiganja, akaona msitu wa majani ya vidole, akafunga. Placide alipotoka bafuni alikuta jiko limezimwa na madonge sita ya unga yamekaa mezani bila mtu. Akadhani ameitwa kazini ghafla, akayasukuma mwenyewe, yakatoka na ramani za nchi mbalimbali.

Kesho yake Shiru hakuonekana kanisani. Placide alipiga simu. Alijibiwa kwamba amechoka. Jumatatu alijibiwa kwamba yuko kazini, na Jumanne hakujibiwa. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita, alipoingiwa na hofu. Alianza kufikiri kwamba huenda Shiru amepata jibu lake bila kusubiri sahani, na jibu lenyewe ni hapana, na anatafuta namna ya kumwambia bila kumwumiza. Alikuwa amepanga kumpikia Jumamosi ya wiki hiyo. Alikuwa amenunua mawese, samaki wa kukausha na kitambaa cha meza. Alikuwa pia amepata kinu kutoka kwa familia moja ya Bukavu huko Fort Worth. Usiku hakulala vizuri. Alimpenda mwanamke yule na hakuwa na mpango mwingine.

Katika hofu hiyo, tangazo la ofisi ya nyumba lililobandikwa mlangoni mwake halikumshughulisha. Lilisema Alhamisi alasiri mafundi wataingia kila nyumba kubadilisha vichujio vya hewa. Placide alilisoma na kuliacha palepale.

Alhamisi alirudi kutoka ghalani saa nane mchana. Alivua viatu, akaenda moja kwa moja kwenye mihogo yake. Taa zilikuwa zimezimwa na feni imenyamaza. Ndoo zote kumi na mbili zilikuwapo, na katika kila ndoo kijiti kimoja kilichokatwa urefu wa mkono. Hapakuwa na jani hata moja, hata sakafuni; aliyefanya kazi ile alikuwa amefagia.

Placide aliketi sakafuni katikati ya ndoo. Aliwaza mafundi wa vichujio. Akawaza yule mwuzaji mwenye ugonjwa wa jicho, kwamba labda amekuja kuchukua nyanya zake. Kwa dakika moja aliwaza hata mijusi. Kisha hakuwaza kitu, akaona tu Jumamosi inakuja na yeye hana cha kuweka mezani. Machozi yalikuwa yakimtoka kwa wiki kadhaa sasa, kwa hiyo hata yeye mwenyewe hakujua yapi ni ya taa na yapi ni ya huzuni.

Akasikia ufunguo mlangoni. Alikuwa amempa Shiru ufunguo wakati wa kiangazi, kwa ajili ya dharura. Shiru aliingia na sare yake ya kazi, ile yenye maua madogo, akasimama kwenye mlango wa chumba cha nguo.

"Usitafute mtu," alisema. "Ni mimi nimekata."

Placide alianza kuinuka. Shiru akaendelea haraka, kama mtu aliyeyakariri maneno ndani ya gari.

"Baba Heri, mimi si mtoto. Nimeona macho yako. Nimesikia Vital. Jana nilikuja kukurudishia key, nikaona hiyo notice kwa mlango. Hao watu wangeingia hapa leo, wangeita polisi, na hiyo green card yako ingeenda na maji. Sikuweza kukaa tu nikiangalia."

Kisha akaketi kitandani na kusimulia mengine kwa sauti ya chini. Alikuja saa tatu asubuhi na mkasi wa jikoni na mifuko mitatu myeusi. Alikata huku ameziba pua na kufumba jicho moja, asije akalewa. Alitaka kutupa mifuko kwenye jalala la pale nje, akaona kamera. Akataka kuichoma, akaogopa moshi usije ukalewesha Euless nzima, na karibu pale kuna shule ya watoto. Akaenda mtoni, akakuta watu wanavua samaki. Akazunguka barabara ya 183 kwa muda wa saa mbili, kwa mwendo wa pole hivi kwamba malori yalimpigia honi, na gari la polisi lilipokaa nyuma yake alianza kutubu kwa Kikuyu kwa sauti. Polisi wale wakakata kona kwenda kituo cha mafuta bila hata kumtazama. Kisha akapiga simu kazini akasema ni mgonjwa, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa.

Placide aliuliza jambo moja tu: mifuko iko wapi.

"Kwa buti ya gari," alisema Shiru. "Nimeshindwa kuitupa."

Hajawahi mtu wa miaka hamsini na mbili kushuka ngazi zile namna ile. Shiru alimfuata akimsihi asifungue hadharani. Placide alifungua buti, akapasua mfuko, akatumbukiza mikono yote miwili, akainusa. Majani yalikuwa bado mabichi, yamelegea kidogo tu. Alicheka mpaka akashika gari.

"Shiru, hii haiko bangi," alisema. "Hii njo sombe. Ni majani ya mihoko. Njo ile uliniombaka."

Shiru alimwambia asimdanganye, mihoko ni kitu gani. Placide akasema mihoko, mihogo, ule mti ambao yeye hula na pilipili. Akamshikia jani moja mbele ya macho. Jani la bangi lina meno pembeni, alimweleza, kama msumeno. Hili pembeni ni laini, apitishe kidole mwenyewe. Shiru alipitisha kidole. Akapitisha tena. Kisha akamwuliza, kwa ule ukali wa muuguzi, yeye anajuaje jani la bangi lina meno. Placide akajibu kwamba Uvira nzima inajua, ni Nyahururu tu ndiko wanakokata mboga za watu.

Hapo ndipo yote yalipotoka: sahani, jibu, Stafford, chumba cha nguo, mijusi, yuvii na teke. Alipofika kwenye miwani iliyotundikwa kwenye ndoo, Shiru alimshika kidevu, akamgeuzia uso kwenye jua na kumfungua kope moja baada ya nyingine. Alitazama muda mrefu.

"Umejichoma macho," alisema. "Ume-burn macho yako juu ya mboga. Baba Heri, mtu anaweza kuwa kipofu hivi." Kisha akageuka kutafuta kitu kwenye buti ambacho hakikuwamo.

Kutwanga kwenye ghorofa ya pili haiwezekani. Jirani wa chini hulalamika hata mtu akikohoa. Waliteremsha kinu wakakiweka kwenye nyasi karibu na maegesho. Placide akatwanga, Shiru na sare yake ya maua akatwanga, na mafundi wa vichujio, walipofika na ngazi yao, walisimama kuwatazama kisha wakapita kimya. Wakapandisha majani juu wakayachemsha, wakamwaga maji, wakachemsha tena, kwa sababu Shiru aliposikia kwamba majani ya muhogo yakiwa mabichi yana sumu alitoa saa yake ya kazini na kuiweka kando ya jiko. Mawese yakaingia, vitunguu, karanga, samaki. Jua lilipokuwa likishuka upande wa Fort Worth, Placide alitandika kile kitambaa cha Jumamosi na kupakua.

Mwuzaji wa Arlington hakuwa mwongo. Sombe ile ilikuwa na teke, ila teke lenyewe lilikuwa la punda. Ilikuwa chungu, na pamoja na kutwangwa na kuchemshwa mara mbili bado ilihitaji kutafunwa kwa nia. Placide aliijua tangu kijiko cha kwanza, na moyo ukamshuka. Mwenyewe alikuwa ameiharibu kwa taa zake, kwa kutaka nguvu pasipohitaji nguvu. Alitaka kumwambia Shiru aache, lakini Shiru alikuwa ameinama, anatafuna, anameza, anatia kijiko kingine. Akala mpaka sahani ikawa nyeupe. Kisha akanywa glasi mbili za maji.

Placide hakuthubutu kuuliza jibu. Akauliza kilicho karibu nalo: kama asubuhi ile aliamini kabisa kwamba ni bangi, kwa nini alikata na kufagia na kuibeba, badala ya kumwachia ufunguo mezani na kwenda zake?

Shiru alizungusha glasi mezani kwa muda.

"Nilikuwa nimekuja kukuacha," alisema. "Nilijiambia, nikifunga hii buti, basi, nimemalizana na huyu mtu. Nikafunga. Nikakaa kwa gari. Nikajikuta napanga vile nitakuficha." Akafuta jicho kwa kiwiko. "Ndirangu alikuja kwangu Nairobi, akagonga mlango saa nzima, na mimi niko ndani. Sikufungua. Hiyo ndio mara ya mwisho mtu wetu yeyote kumwona. Wewe sikuweza kukufungia mlango."

Placide aliisogeza ile glasi kando. Alinyoosha mkono juu ya kitambaa, Shiru akaushika, na wakakaa hivyo, yeye na macho yake mekundu, na Shiru na yake ambayo sasa hayakuwa na tofauti kubwa.

"Nilikukubali na bangi yako yote, Baba Heri," Shiru alisema mwishowe, akiisukuma ile sahani pembeni. "Hii sombe ndio bado naifikiria."